Maelezo ya Zana ya Kumi na Moja

Mama mdogo Bertilla akikutuma chumvi, anakueleza mpaka mbwa wa njiani. Atakwambia upite nyuma ya kanisa, usipite mbele, maana mbele kuna tope. Ukifika kwa fundi baiskeli usimwangalie mbwa wake machoni, hapendi. Duka ni lile la mlango wa bluu, si lile la mlango wa bluu uliochubuka. Na kama pakiti ndogo zimekwisha usichukue kubwa, rudi tu.

Majirani zetu hapa mjini, mtaa wa Mazwi, walikuwa wanamcheka. Husna, anayekaanga karanga mlango wa pili, alimwambia siku moja, "Shoga, huyu mtoto unamtuma chumvi au unampeleka vitani?"

"Akipotea nitamlaumu nani?" mama mdogo akamjibu. "Si mimi ndiye niliyemtuma?"

Ninakaa naye tangu mama yangu, dada yake mkubwa, alipofariki. Shule niliachia darasa la nne ili nimuuguze mama, na baada ya msiba hakuna aliyekumbuka kunirudisha, hata mimi mwenyewe. Mimi si msemaji. Naandika haya kwa sababu watu wa Kaoze wanasema Bertilla aliuza mbegu zao, na yeye hajitetei. Hakuuza. Nilikuwepo.

Alizaliwa hukohuko Kaoze, chini bondeni, kitinda mimba wa bibi Agnesi. Katika mabinti wanne ni yeye peke yake aliyefika kidato cha nne. Alipomaliza akapanda huku juu mjini, akapata ukarani kwenye chama cha wakulima. Miaka tisa alizunguka vijijini kwa baiskeli, daftari la jalada gumu limefungwa nyuma kwa mpira, akiandika nani analima wapi, eka ngapi, ana watoto wangapi. Mvua ikimkuta njiani, koti linavishwa daftari, yeye analowa. Nimemwona akifika nyumbani anatetemeka meno, na daftari kavu.

Mwaka juzi majina yote yakaingizwa kwenye kompyuta. Wanaiita kanzidata: ni kama ghala, ila kilichomo ni majina. Madaftari yalipokwisha kuingizwa, katibu wa chama, Abel, akasema yanajaza panya ofisini. Akampa Husna yote, afungie karanga. Mama mdogo alilalamika kidogo. Abel akamwambia, "Dada Bertilla, hayo ni makaratasi tu. Kila kitu kiko humu sasa," akagonga kompyuta kwa kidole, tena kwa heshima, kama mtu anayebisha hodi.

Kisha ikaja akili mnemba. Abel alizisikia habari zake kwenye semina Mbeya, akarudi haongei jambo lingine. Alisema ni karani asiyelala, asiyeumwa, asiyeomba ruhusa ya msiba. Unaiandikia kwa Kiswahili cha kawaida, mathalani, nitafutie wakulima wa Muze waliopoteza mazao, nayo inakuletea. Mtambo wenyewe akauunganisha Rahim, kijana wa mjini mwenye duka la kutengeneza simu na kompyuta.

Rahim ndiye aliyegundua kwamba ile akili haiwezi kuingia ghalani yenyewe. Lazima ipewe zana. Moja ya kutafuta mkulima, moja ya kuandika mpya, moja ya kubadilisha eka, moja ya kugawa mbegu, mpaka zikafika kumi na nne. Na kila zana lazima iandikiwe maelezo: inafanya nini, itumike lini, isitumike lini, inataka nini ndipo ifanye kazi. Akili mnemba inasoma maelezo hayo, ndipo inachagua ishike zana ipi.

"Mimi nimetengeneza majembe," Rahim alisema. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chetu, anakula karanga. "Lakini shamba silijui. Sista, wewe andika."

"Niiandikie kama namwandikia nani?"

"Mtu mwenye akili sana ambaye hajawahi kufika Rukwa."

Mama mdogo akafikiri. Nilimwona anafikiri, maana huwa anazungusha pete ya rozari kidoleni. "Kama mkwe mpya," akasema. "Mwali anaingia leo kwa wakwe. Ana mikono miwili, ana nguvu, anataka kupendeza. Ila hajui kigoda kipi ni cha baba mkwe."

"Basi poa. Usipomwambia, atakikalia."

"Na atacheka huku amekikalia," mama mdogo akasema, wakacheka wote wawili.

Aliandika wiki tatu. Alikuwa anarudi na kompyuta ya ofisi mkobani, anaiweka juu ya meza ya kulia chakula, na mimi naambiwa nikae nisome kwa sauti. "Wewe ukielewa, nayo itaelewa." Nilisoma taratibu, maana kusoma kwangu ni kwa kutambaa. Nikikwama kwenye sentensi, anaifuta. Rahim akipita anamtania, "Sista, hiyo barua ya uchumba inaisha lini?" Zana ambayo mwingine angeiandikia mstari mmoja, yeye aliiandikia nusu ukurasa. Aliieleza kwamba eka ya huku hupimwa kwa hatua, kwa hiyo isishangae kuona robo na nusu. Aliieleza kwamba mtu wa juu ya uwanda anaweza kuwa na shamba la ulezi hapa na la mahindi bondeni, na huyo si mwongo. Hakuna alichokiacha, ndivyo nilivyodhani.

Ya kumi na moja ilikuwa zana ya kuunganisha. Kwenye ghala la majina kulikuwa na watu walioandikwa mara mbili, mara tatu, na msimu uliotangulia kuna waliochukua mbegu kwa majina mawili. Hiyo ndiyo iliyomuumiza kichwa kuliko zote. Ninayakumbuka maelezo yake, maana niliyasoma mara nne:

"Zana hii huunganisha kumbukumbu za mkulima mmoja aliyeandikwa zaidi ya mara moja, na kubakiza moja. Itumie kabla ya kugawa mbegu. Usitegemee jina. Mtu wa huku ana jina la ubatizo, ana jina la nyumbani, na mwanamke huitwa pia kwa mtoto wake wa kwanza. Anaweza kuwa aliandikwa kwa lolote kati ya hayo. Tegemea namba ya simu na kitongoji. Vyote viwili vikilingana, ni mtu mmoja."

"Umeelewa?" akaniuliza.

"Nimeelewa."

Nilielewa kweli. Hilo ndilo linalonikaa kooni mpaka leo. Mimi nimekulia kitongoji kilekile cha Kaoze. Mtandao kule unashika sehemu moja tu, kwenye kilima cha nyumba ya katekista Fransisko, na sola iko kwake. Kitongoji kizima kina simu moja. Ukitaka kuongea na bibi Agnesi unampigia katekista, anatuma mtoto akimbie. Mtoto huyo nimekuwa mimi, mara nyingi, nimeteremka kile kilima nikipiga kelele, "Bibi, simu!" Na siku mama mdogo alipokuja na daftari lake kuandikisha watu, nyumba thelathini na nane zilitaja namba moja. Aliiandika yeye kwa mkono wake, mara thelathini na nane.

Lakini jambo hilo kwetu ni kama kusema jua linachomoza. Nani anaandika hivyo? Nilisoma, sikukwama, naye hakufuta.

Mwaka huo ndio ulikuwa mwaka mbaya bondeni. Maji ya Ziwa Rukwa yalipanda yakazamisha mashamba ya chini, na ya juu yakaliwa na viwavi. Kufika Agosti watu wa Kaoze walikuwa wamekula hata ile mbegu inayoning'inizwa juu ya moshi wa jiko. Bibi aliniambia mwenyewe kwa simu ya katekista: "Mjukuu wangu, juu ya jiko langu kuna masizi tu." Kwa hiyo mbegu ya chama, ile inayotolewa na wafadhili, ndiyo ilikuwa mbegu yenyewe. Mfuko wa kilo kumi kwa kila nyumba, unaotosha eka moja. Hakukuwa na nyingine.

Mwezi wa kumi, Abel aliita watu ofisini washuhudie. Nilipeleka chai, nikabaki mlangoni. Akaandika kwa vidole viwili: safisha orodha, unganisha waliojirudia, kisha gawa mbegu. Akabonyeza. Hatukumaliza hata kumimina chai. Ikajibu: "Nimeunganisha kumbukumbu sitini na tatu zilizojirudia. Orodha sasa ni safi. Mbegu zimegawiwa."

Watu wakapiga makofi. "Sitini na tatu!" Abel akasema. "Tulikuwa tunaibiwa mifuko sitini na tatu! Dada Bertilla, mkono." Akampa mkono mbele ya wote. Mifuko iliyookolewa ikapangiwa vijiji vya juu huku vilivyokuwa vimeomba nyongeza, na baada ya siku tano magari yakaipeleka. Jioni ya siku ile ya makofi mama mdogo alininunulia soda, akanywa na yeye, akasema, "Na mimi nimefanya kitu."

Ujumbe wa mgao ulitumwa kwa simu. Mkulima anaonyesha ule ujumbe, anapewa mfuko. Miaka mingine simu ya katekista ilikuwa inalia kutwa nzima kama jogoo mgonjwa. Safari hii ililia mara moja. Fransisko akangoja. Akadhani ni mtandao. Akangoja wiki mbili na siku kadhaa, kila asubuhi watu wakimjia mlangoni na yeye akiwaambia bado, bado, vumilieni, ndipo akapiga. Ilikuwa Jumamosi, tunachambua maharage. Mama mdogo akaweka sauti kubwa kwa sababu mikono ilikuwa na vumbi.

"Shikamoo baba katekista."

"Marahaba mwanangu. Habari za huko juu? Sasa Bertilla, huku ujumbe umeingia mmoja. Umeandikwa kwa jina langu. Hawa wenzangu wa kwao lini?"

"Utaingia baba. Labda mtandao."

"Nimewaambia hivyohivyo. Mama yako anakusalimu. Amekwishalima, eka yote, anasema udongo umekaa kama unga. Anangoja mbegu tu."

Alipokata, mama mdogo alinawa mikono, akatoa kompyuta mkobani. Akaandika: nitafutie Agnesi wa Kaoze. Nilikuwa nyuma ya bega lake. Ikajibu haraka na kwa adabu: "Hakuna mkulima wa jina hilo katika kitongoji hicho." Akaandika kwa jina la mtoto wa kwanza, ambaye ni mama yangu. Hakuna. Akaandika jina la nyumbani. Hakuna. Akaandika namba ya simu. Likaja jina moja: Fransisko.

Alifungua maelezo ya zana ya kumi na moja, akayasoma, kidole kikifuata mstari, kama ninavyosoma mimi. Alipofika "Tegemea namba ya simu" kidole kikasimama.

Tulikwenda kwa Rahim bila hata kuvaa viatu vya maana. Rahim akafungua, akatafuta, akasugua uso. "Zana ikiunganisha inafuta zile nyingine, sista. Ndivyo nilivyoitengeneza. Nakala ya akiba ipo, lakini inajiandika upya kila Jumapili. Jumapili mbili zimepita."

"Kwa hiyo?"

"Nakala na yenyewe ni safi."

"Si ingeuliza?" mama mdogo akasema. "Majina thelathini na nane yasiyofanana hata kidogo. Si ingeuliza tu?"

Rahim akamgeuzia kompyuta. "Wewe uliiambia isitegemee jina. Imekutii." Halafu akaona amesema vibaya, akaongeza, "Na mimi nilipaswa kuiwekea mahali pa kuuliza. Sikuweka."

Tukaenda kwa Husna. Husna alipoelewa tunachotaka, aliketi chini palepale kando ya jiko lake. Madaftari ya bondeni ndiyo aliyaanza, kwa sababu karatasi zake zilikuwa nzito. Alitupa kilichobaki: majalada mawili na kurasa nne zenye mafuta. Kaoze ilikuwemo kwenye ukurasa mmoja, nyumba sita, jina la sita limekatwa katikati. Bibi Agnesi hakuwemo. "Bertilla, ningejua," Husna alikuwa anasema, "ningejua mimi ningefungia kwa majani," na mama mdogo anamwambia si kosa lako, si kosa lako, mpaka neno likapoteza maana.

Majina yangeweza kuandikwa upya kwa kichwa. Mama mdogo aliyakumbuka yote thelathini na nane, aliyaandika kwenye karatasi ya daftari langu bila kusita. Akampigia Abel simu, na Jumatatu akampelekea ile karatasi. Abel si mtu mbaya, nataka hilo nalo liandikwe. Alisoma karatasi, akavua miwani, akachukua funguo, akatupeleka stoo. Akafungua milango yote miwili. Sakafu ilikuwa imefagiwa. Pembeni palikuwa na mifuko saba, kila mmoja umeandikwa jina la mwenyewe.

"Ningekuwa nayo ningekupa saa hii," akasema. "Ile nyingine imeshakwenda. Watu wa huku juu wamekwisha kuifungua, wengine wamekwisha kupanda na mvua hizi za kwanza. Nikamfukulie nani shambani?"

"Wafadhili?"

"Nimewaandikia tangu uliponipigia. Wanasema orodha imekwisha kusainiwa. Msimu ujao."

"Baba Abel, msimu ujao hawa watakuwa wamekula nini?"

Abel alifunga mlango mmoja, kisha wa pili. Madukani mjini tulikwishapita pote. Mbegu inayokubali joto la bondeni ilikuwa imekwisha tangu mwezi wa tisa.

Mfuko wa Kaoze ulikuwa mmoja. Tuliteremka nao kwenye lori hadi Muze, na kutoka Muze kwa bodaboda, mama mdogo ameupakata. Angeweza kumpa dereva aufikishe. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Nitampa nani maelezo?"

Kitongoji kizima kilikuwa kwenye kilima cha katekista. Walijua mfuko ni mmoja, katekista alikwisha kupigiwa. Hakuna aliyetukana mwanzoni. Fransisko alileta beseni na kikombe cha chai, akakata mfuko, akamimina. Mbegu ile imepakwa dawa, nyekundu kama rangi ya mlango, hata kuliwa hailiki. Jina kwenye mfuko lilikuwa lake, angeweza kuuchukua akaenda ndani. Alipima kikombe kimoja kimoja na vijiko viwili, nyumba kwa nyumba, akiita majina kwa kichwa. Thelathini na nane. Alipofika kwake mwenyewe kilibaki kikombe kisichojaa.

Mzee mmoja alipopokea akamwangalia mama mdogo. "Binti, wewe si ulikuja ukaandika jina langu kwa kalamu? Nilikupa na kigoda ukae."

"Ndiyo, baba."

"Likaenda wapi?"

Alianza kueleza. Alieleza vizuri, kama anavyoeleza kila kitu: ghala, zana, akili isiyojua desturi zetu, namba ya simu. Nikaona nyuso zinavyomwangalia, na kadiri alivyoeleza ndivyo zilivyofungika. Mama mmoja nyuma akasema, si kwa sauti ya chini, "Maneno yote haya. Amewauzia wa huko juu." Na wengine wakaguna. Mama mdogo akanyamaza. Tangu pale sijamsikia akieleza tena.

Bibi Agnesi alipokea ya kwake kwenye kona ya kanga. Aliiangalia muda mrefu. "Hii ni ya kuonja?" akauliza. Hakuwa anatania. Tulikwenda naye shambani. Eka nzima ilikuwa imelimwa, matuta yamenyooka, majani yamefukiwa. Alianzia pembe ya karibu na njia, mbegu moja kila shimo, hakuthubutu kutia mbili. Mistari minne, ya tano haikufika katikati. Kisha akanawa ile rangi mikononi, mara tatu, akakaa ukingoni akiutazama udongo uliobaki. Mvua ilinyesha siku tulipoondoka. Mvua nzuri, ya kupandia.

Tulipokuwa Muze tunangoja gari, Fransisko alipiga. Simu yake ilikuwa imepata ujumbe mwingine, akataka aelekezwe namna ya kuujibu, asije akakosea. Akausoma yeye mwenyewe: "Ndugu Fransisko, umepokea mbegu zako. Je, umeridhika na huduma? Jibu ndiyo au hapana." Akauliza, "Nijibu kwa niaba ya nani, mwanangu?"

Mama mdogo alirudi ofisini siku moja zaidi. Aliongeza mstari kwenye maelezo ya zana ya kumi na moja: huku simu moja hutumiwa na nyumba nyingi, namba kulingana si mtu mmoja, uliza. Rahim akaiwekea mahali pa kuuliza. Sasa inauliza kila mara, na Abel anasema inachosha. Mkataba wa mama mdogo uliisha Desemba, haukurudiwa.

Sasa ni Februari. Nyumba ishirini na kitu za Kaoze zimepanda huku juu kupalilia ulezi wa watu, wanalala kwenye vibanda vya mashamba. Wakimwona mama mdogo barabarani wanavuka upande wa pili. Bibi amekataa kuja kukaa nasi. Anasema nani ataangalia mistari yake minne. Tunampelekea unga tukipata.

Jana mama mdogo alinituma dukani. "Kachukue chumvi," akasema, basi. Nilisimama mlangoni kidogo, nikidhani kuna linalofuata. Alikuwa anaangalia ukuta. Nikaenda. Pakiti ndogo zilikuwa zimekwisha, nikachukua kubwa. Aliipokea, akaiweka kabatini, akarudi kuangalia ukuta.